Shajara ya mradi: vioo vya upande wa magharibi, chuo cha ufundi Ganjoni

Desemba, kaskazi imeshaingia

Tumekabidhiwa kazi rasmi. Jengo ni la ghorofa tatu, chuo kidogo cha ufundi hapa Ganjoni, Mombasa, na kazi yenyewe ni madirisha: bili ya stima ishuke, na vyumba vya juu vikalike baada ya alasiri. Nitaandika humu kila hatua, kwa sababu majengo ya aina hii yamejaa kisiwani na ng'ambo, kuanzia Tudor hadi Nyali, na wenyewe wanauziwa vioo kwa maneno matamu bila kuonyeshwa hesabu.

Aliyelichora jengo alifuata barabara, hakufuata jua. Upande mrefu mmoja unatazama mashariki, wa pili unatazama magharibi kuelekea Kilindini. Kila chumba cha magharibi kina mita za mraba 12 za kioo cheupe cha milimita 6, kioo kimoja tu kwenye fremu ya alumini. Mapazia ni mazito na hayafunguliwi, kwa hiyo taa zinawaka mchana kutwa. Kila chumba kina kiyoyozi cha BTU 18,000 (kipimo cha joto kinachoweza kuliondoa kwa saa).

"Injinia," mwalimu mkuu aliniambia tukipanda ngazi, "ikishaadhiniwa alasiri hapa hapafundishiki. Mashine inanguruma, vijana wanajipepea kwa madaftari."

Mezani pake kuna karatasi ya bei aliyoachiwa na muuzaji mmoja: madirisha ya vioo vitatu, U ya 0.6 (kipimo cha joto linalopita dirishani, nitakieleza) imechapwa kwa herufi kubwa juu kabisa. Anataka kujua kama hiyo ndiyo dawa. Nimemwomba asitie sahihi kwanza.

Desemba, hesabu ya kwanza

Namba mbili ndizo zinazoamua. U ni wati zinazopita katika mita moja ya mraba ya dirisha kwa kila nyuzi moja ya tofauti kati ya hewa ya nje na ya ndani. g ni sehemu ya joto la jua linalopiga kioo ambayo mwisho wake huingia chumbani, iwe imepenya moja kwa moja au kioo kimelimeza kikapata moto na kulitoa ndani. Ulaya wanaanza na U, na wana sababu: Januari nje kuna barafu na ndani wanataka nyuzi 20. Hapa Mombasa, mchana wa kaskazi, nje ni nyuzi 32 na chumba chenye kiyoyozi ni 24. Tofauti ni nyuzi 8 tu.

Kioo cheupe cha milimita 6 kina U ya karibu 5.7 na g ya karibu 0.82. Chukua saa kumi jioni, siku isiyo na wingu, ukuta wa magharibi unapokea kama wati 650 kwa mita ya mraba. Kwa tofauti ya hewa, mita moja ya kioo inapitisha 5.7 mara 8, wati 46. Kwa jua, 0.82 mara 650, wati 533. Joto la jua ni zaidi ya mara kumi ya lile linaloletwa na hewa ya nje.

Zidisha kwa mita 12: karibu kilowati 7 kwa chumba kimoja. Kiyoyozi cha BTU 18,000 kinaondoa kilowati 5.3. Mashine imeshindwa kabla hajaingia mwanafunzi hata mmoja, na kila mtu aliyekaa kitini anaongeza kama wati 100 za mwili wake.

Sasa ile karatasi ya muuzaji. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, g imeandikwa 0.50. Watengenezaji hawakukosea: katika nchi za baridi jua la kipupwe ni neema, na dirisha linatengenezwa makusudi liliruhusu liingie. Lakini hapa 0.50 mara 650 ni wati 325, ongeza 5 za hewa, 330. Dirisha la vioo viwili tu, lililopakwa tabaka la kuzuia jua, lenye U ya 1.6 na g ya 0.28, linapitisha 182 na 13, jumla 195. Ni jepesi zaidi, bei yake ni ndogo zaidi, na kwa ukuta huu linafanya kazi bora zaidi. Na vioo viwili vyeupe visivyopakwa chochote? U inashuka hadi 2.7 hivi, lakini g inabaki 0.70, jumla wati 477. Anayeweka vioo viwili vitupu upande wa magharibi amelipa mara mbili kupunguza chini ya moja ya tano.

Nimemwandikia mwalimu mkuu hesabu hii kwa mkono, ukurasa mmoja. Amenipigia usiku uleule.

Desemba, jua lenyewe

Mombasa iko kama nyuzi 4 kusini mwa ikweta. Jua linapita utosini karibu na tarehe 10 Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba. Adhuhuri ya Desemba linaegemea kusini kwa nyuzi zipatazo 19, na Juni linaegemea kaskazini kwa nyuzi zipatazo 27. Maana yake ni kwamba kibaraza cha sentimita 60 juu ya dirisha la kusini kinashusha kivuli cha mita 1.7 adhuhuri ya Desemba, na juu ya dirisha la kaskazini kinashusha mita 1.16 adhuhuri ya Juni. Zege kidogo, na adui amezuiwa.

Magharibi hapazuiliki hivyo. Saa kumi na moja jioni jua limeshuka hadi nyuzi 20 hivi juu ya upeo, na kibaraza kilekile kinatia kivuli cha sentimita 22 tu. Na zile nguzo nyembamba za wima ambazo majengo mengi ya ofisi yamepambwa nazo hazisaidii katika miezi ambayo jua linazama magharibi kamili, kwa sababu linapita katikati yake bila kugusa. Kinachofaa ni vibao vya kulala, vilivyokaribiana na kuinamishwa kwa nje. Nenda Mji wa Kale utazame madirisha: mbao za luva, kuta nene za matumbawe na chokaa, roshani zinazotoka nje. Wazee walizuia jua kabla halijagusa chumba, na upepo waliuachia njia.

Januari, visanduku juu ya paa

Nilitaka mwalimu na kamati yake waone kwa macho. Tumetengeneza visanduku vinne vya plaiwudi vinavyolingana, vimebanwa polistairini ndani, kila kimoja na kipimajoto na uso wa kioo unaotazama magharibi. Cha kwanza kioo cheupe. Cha pili kioo cha kijivu. Cha tatu vioo viwili vyenye tabaka la kuzuia jua, sampuli tuliyoazimwa. Cha nne kioo cheupe kilekile cha kwanza, ila mbele yake tumesimamisha kipande cha makuti, kimeachiwa nafasi ya kiganja ili hewa ipite.

Cha kwanza kilipita nyuzi 60 na bado kinapanda. Cha kijivu kilifuata nyuma yake, na kioo chenyewe kilikuwa cha moto kiasi cha kutoweza kukigusa kwa muda. Cha vioo viwili kilibaki chini sana. Lakini kilichowanyamazisha wanakamati ni kile cha makuti, kilichokuwa karibu na joto la hewa ya kawaida. Mama mmoja wa kamati aliinama, akasoma kipimajoto, akasimama, akainama tena. "Kwa hiyo tununue makuti?" aliuliza. Nikamwambia ndiyo, kwa maana ya kivuli cha nje, pale panapowezekana. Na pasipowezekana ndipo tununue kioo.

Tulijaribu pia pazia ndani ya kisanduku cha kwanza. Nafuu ilikuwa ndogo. Jua likishavuka kioo linageuka kuwa joto la pazia, na pazia linalimimina chumbani.

Hapa nieleze kwa nini, maana swali hili linarudi kila mara. Karibu nusu ya nishati ya jua ni mionzi ya infraredi isiyoonekana, na kioo cheupe kinapitisha sehemu yake kubwa pamoja na mwanga. Ikifika mezani na sakafuni inamezwa, vitu vinapata moto, navyo vinatoa mionzi yao, lakini hii ni ya mawimbi marefu, na kioo hakiyapitishi. Mlango wa kuingilia uko wazi, wa kutokea umefungwa. Kile kipimajoto cha kulenga kama bastola kinathibitisha jambo hili: ukikielekeza nje kupitia dirisha kinakusomea joto la kioo, hakioni kilicho upande wa pili.

Kioo cha kijivu kinameza mwanga na infraredi kwa pamoja. Cha milimita 6 kinapitisha karibu asilimia 44 ya mwanga huku g yake ikibaki 0.59: chumba kimekuwa giza na joto limebaki. Kioo cha kijani chenye unene uleule kina g inayokaribiana na hiyo lakini kinapitisha mwanga karibu asilimia 75. Ukilazimika kununua kioo cha rangi, kijani kinakishinda kijivu kwa mbali, na wala si ghali zaidi. Kioo kilichopakwa kinafanya kazi kwa njia nyingine kabisa: matabaka ya fedha, kila moja unene wa nanomita zipatazo 10, yanaruhusu mwanga na kurudisha infraredi ilikotoka. Sampuli yetu inapitisha mwanga asilimia 62 kwa g ya 0.28.

Januari, uamuzi

Ghorofa ya pili ni karakana ya ushonaji. Huko vibao vya luva nje, vioo vya kijani vya kusukuma, madirisha yafunguke upepo ukivuma. Ghorofa ya tatu ni chumba cha kompyuta, ambacho hakifai kuingiza vumbi wala hewa ya chumvi, kwa hiyo kinafungwa na kinapata vioo viwili vilivyopakwa. Ghorofa ya chini ina mti wa mwarobaini mbele yake. Haiguswi.

Februari, dirisha lililobonyea

Hili sikuwahi kuliona likiandikwa kwa Kiswahili, nami naliandika kwa kirefu.

Vioo viwili vinaunganishwa kwa ukanda wa alumini wenye chembe za kunyonya unyevu, kisha kingo zinazibwa mara mbili: gundi ya butili ndani, silikoni nje. Hewa iliyomo imefungiwa daima. Karakana iliyotupa bei nzuri iko Nairobi. Dirisha la mfano likaja na lori, tukaliegemeza ukutani, na fundi wangu wa alumini akaita: "Injinia, njoo utazame kreni."

Kreni za bandari zilionekana kwenye kioo zimepinda, zimebinywa kiunoni. Kioo kimeingia ndani pande zote mbili.

Sababu ni kimo. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na shinikizo la hewa huko ni kama kilopaskali 83. Mombasa ni 101. Hewa iliyofungiwa Nairobi ikishuka pwani inabanwa mpaka ujazo wake upungue kwa karibu moja ya sita. Kwa nafasi ya milimita 12 kati ya vioo, hizo ni milimita 2 kwa wastani, na katikati ni zaidi kwa sababu kingo hazisogei. Dirisha kubwa lenye nafasi nyembamba linaweza kugusana vioo katikati kabisa, na hata lisipogusana, silikoni ya kingo inavutwa usiku na mchana maisha yake yote. Siku itakapoachia, hewa yetu yenye unyevu itaingia, chembe zitashiba maji, na ukungu utakaa katikati ya vioo, mahali pasipofika kitambaa.

Tumekubaliana na karakana hivi: kila dirisha litiwe kijibomba chembamba kwenye ukanda, kiachwe wazi njiani, madirisha yakifika yapumzishwe ndani ya chumba chenye kiyoyozi ambako hewa ni kavu, shinikizo lilingane, ndipo vijibomba vibanwe na kuzibwa. Kwa ajili hiyo tumeacha gesi ya agoni, ile inayojazwa kati ya vioo badala ya hewa ili joto lipite kidogo zaidi, maana ingetoroka kwa njia ileile. Hasara yake hapa ni ndogo mno. Agoni ingeshusha U kutoka 1.6 hadi kama 1.3, na kwa tofauti ya nyuzi 8 hiyo ni wati 2.4 kwa mita ya mraba. Anayekuuzia agoni kwa jengo la Mombasa, mwulize anakuuzia wati ngapi.

Kama kungekuwa na karakana ya kuunganisha hapahapa pwani, tusingefika huku. Vioo vyenyewe vimeshuka melini Kilindini, vikapanda bara, na sasa vinarudi.

Machi, jua utosini na madirisha yanapanda

Ghorofa ya pili imekwisha. Vibao tumefunga kwa skrubu za chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316, maana daraja la chini kwenye upepo wa chumvi hutoa madoa mapema. Fremu mpya zina matundu ya kutolea maji chini, na kila kioo cha ghorofa ya tatu kimekaa juu ya vijiti vya plastiki ili ukingo wake usilowe. Silikoni iliyokaa majini haidumu.

Jioni nilipanda na tochi ya simu kukagua. Ukiishikilia mbele ya vioo viwili utaona nukta nne za mwanga zimejipanga, moja kwa kila uso. Tatu zina rangi moja. Moja iliyobaki ni tofauti, ina uwekundu kidogo au ukijani, na hiyo ndiyo imetoka kwenye uso uliopakwa. Kwa nchi ya joto, ukihesabu kutoka nje, lazima iwe ya pili: kioo cha nje kinameza joto, tabaka linalizuia lisivuke kwenda ndani. Ikiwa ya tatu, U haibadiliki, lakini kioo cha ndani ndicho kinachopata moto na g inapanda.

Madirisha kadhaa, nukta hiyo ya rangi ilikuwa ya tatu.

"Fundi, haya yamegeuka."

"Injinia, kioo hakina mbele wala nyuma."

Nikampa simu. Alihesabu moja, akaenda la pili, akarudi la kwanza. Akamwita kijana wake. Walikuwa wamefuata kibandiko, na karakana ilikuwa imebandika upande usio wake. Hakubisha tena, aliyatoa yote usiku ule kabla silikoni haijakauka, na tangu siku hiyo hapandishi kioo bila kukimulika. Leo nimemsikia akimfundisha kijana: "Ya pili kutoka nje, mwanangu, ya pili."

Chumba cha kompyuta kimejaribiwa saa kumi jioni, anga jeupe. Kiyoyozi kilekile cha BTU 18,000 kinafika nyuzi 24 na kinapumzika. Kabla, hakikuwahi kupumzika mchana. Mapazia yameshushwa na kupelekwa stoo, taa zimezimwa, na vijana wanaona meli zikiingia.

Aprili, masika

Mzee mlinzi amenipigia alfajiri: "Mwanangu, vioo vyako vinavuja."

Havivuji. Ofisi ya ghorofa ya tatu upande wa mashariki, ambayo bado ina kioo kimoja, iliachiwa kiyoyozi usiku kucha kwa nyuzi 20. Nje hewa ilikuwa 26 na unyevu asilimia 90, na kwa hali hiyo umande unaanza kutua kwenye kitu chochote kilicho chini ya nyuzi 24 hivi. Kioo kimoja, upepo ukitulia, kinashuka hadi kama 23, kwa hiyo kikatiririka maji kwa nje. Vioo viwili vya chumba cha kompyuta vilikuwa vikavu, kwa kuwa kioo cha nje kinabaki karibu na joto la hewa. Hapa ndipo U inapopata kazi Mombasa, na ni kazi ya maana: ukuta unaoloa kila alfajiri unaota kuvu. Nimemshukuru mzee, nimemwomba aniandikie kila anapoona maji na wakati gani.

Mvua ya kusukumwa na upepo imepenya kwenye kona moja ya ghorofa ya pili. Raba ilikatwa fupi. Imebadilishwa.

Juni, kusi

Ghorofa ya pili wamezima kiyoyozi. Nje ni nyuzi 27, kusi inavuma, wameyafungua madirisha ya pande zote mbili na vitambaa vinapepea mezani. Mwalimu wa ushonaji analalamika kwamba karatasi za vipimo zinaruka. Tumempa vizito vya chuma. Ningependa majengo mengi zaidi ya mji huu yapate lalamiko la namna hiyo. Kioo bora kabisa duniani hakipozi chumba kama dirisha lililofunguliwa mahali sahihi, na fundi anayefunga kila kitu kwa vioo visivyofunguka anamfungia mwenye nyumba bili ya mwaka mzima.

Kamati imeidhinisha upande wa mashariki. Huko jua ni la asubuhi, kabla hewa haijapata moto, kwa hiyo vibao vya luva vinatosha kwa vyumba vyote isipokuwa ile ofisi inayoloa, ambayo itapata vioo viwili. Karakana imeshapewa vipimo na maagizo ya kijibomba, na safari hii kibandiko kitaandikwa kwa Kiswahili: UPANDE HUU NJE. Fundi anaanza kung'oa fremu za zamani Jumatatu.